Kumbukumbu ya mradi: MAGAZIJUTO ndani ya programu

Dar es Salaam, wiki ya tano.

Karibu wiki nzima imeishia kwenye mstari mmoja: 10 - 3 + 2. Programu ninayoiandika, ya kukokotoa hesabu zinazoandikwa kwa lugha yake ndogo ya Kiswahili, ilitoa 5. Ndilo jibu analopata mwanafunzi anayeishika MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) herufi kwa herufi: JU imetangulia TO, basi anajumlisha 3 na 2 kwanza. Lakini ukiwa na shilingi 10,000 pale soko la samaki la Feri, ukanunua samaki wa 3,000, kisha mtu akakulipa deni la 2,000, mfukoni una 9,000, si 5,000.

Kosa lilikuwa kwenye kanuni ya kusoma: jumla ni zao (namba moja, au namba zilizozidishwa au kugawanywa), kisha alama ya + au -, kisha jumla. Kanuni ikijiita yenyewe upande wa kulia, 3 + 2 zinafungwa pamoja kabla 10 haijaguswa. (APL, lugha ya programu ya Kenneth Iverson, inakokotoa kutoka kulia kwa makusudi, hivyo huko 5 ni sahihi. Kwa darasa la hapa haifai.) Dawa ni kitanzi, yaani kurudia hatua zilezile: soma zao la kwanza, lishike kama jibu la muda, kila ukikuta + au -, soma zao linalofuata na ukokotoe papo hapo. Kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo. Kipeo (alama ^) pekee kinabaki kukokotolewa kutoka kulia: 2^3^2 ni 512, si 64.

Kutanguliza kugawanya hakuharibu jibu, mradi usikate sehemu ya desimali. Katika 7 × 2 ÷ 4, ukianza na 2 ÷ 4 kwa namba nzima unapata 0 na kila kitu kinapotea. Kwa hiyo kila namba sasa inahifadhiwa kama sehemu, kwa kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini), na inarahisishwa kwa KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) baada ya kila hatua. 0.1 + 0.2 inatoa 3/10, bila ule mkia wa 0.30000000000000004 unaotokea kwenye desimali za kompyuta.

KKS yenyewe, kwa njia ya Euclid, imeandikwa kwa lugha hii hii:

kks(a; b)
  rudia hadi b = 0
    m iwe baki(a; b)
    a iwe b
    b iwe m
  jibu a

Sharti linakaguliwa kabla ya kuingia, likikaguliwa mwishoni, kks(7; 0) inagawanya kwa sifuri. Nukta mkato imechukua nafasi ya mkato katika kutenganisha namba ndani ya mabano, kwa sababu mkato tunautumia kuandika 12,500. Mshale <- nimeuondoa: a<-3 haijulikani kama ni kuweka 3 au kuuliza kama a ni ndogo kuliko -3. "Iwe" ni bora kuliko vyote nilivyojaribu, maana alama ya = inabaki na kazi yake ya hisabati, na "a iwe a + 1" haimdanganyi mtoto.

6 ÷ 2(1 + 2) inasomeka kwa njia mbili, hivyo inakataliwa kwa ujumbe: "Weka × kati ya 2 na mabano."

Bado: -3^2 inatoa 9. Inatakiwa -9, kwa kuwa kipeo kinakamata 3 kabla ya alama ya hasi.