Siku moja maishani mwangu: kuhesabu machipukizi ya hamira

Saa 1 asubuhi. Chupa tatu zilizotikiswa usiku kucha kwenye nyuzi 23 zimeanza kutia weupe, hamira zimezaana. Moja ina hamira ya kawaida, mbili zina hitilafu kwenye jeni: CDC28 katika moja, CDC9 katika nyingine. Kwenye ubaridi huu zote zinaishi vizuri. Kwenye nyuzi 37 protini yenye hitilafu inashindwa kazi na mgawanyiko unakwama. Bila ujanja huo, tungefugaje seli isiyoweza kugawanyika? Mwanasayansi Leland Hartwell aliutumia kuzisaka jeni hizi mwishoni mwa miaka ya 1960.

Saa 2. Sampuli ya kwanza, hadubini. Hamira hii huchipua mtoto ubavuni, na ukubwa wa chipukizi hukuonyesha seli imefika wapi. Asiye na chipukizi hajaanza safari.

Saa 3. Chupa zote kwenye nyuzi 37.

Saa 4 na nusu. Hapa ndipo wanafunzi wapya hukata tamaa: mbona CDC28 bado ina machipukizi? Subirini, nawaambia. Seli iliyokwisha kuvuka kizingiti cha mwanzo kabla ya joto inamaliza mzunguko wake, inagawanyika, halafu watoto wake ndio wanaokwama. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba uamuzi wa kugawanyika hufanywa mapema.

Saa 7 mchana. Nahesabu seli 200 kila chupa, shingo inauma. CDC28: karibu zote hazina chipukizi, ila zimenenepa. Kukua kunaendelea, kilichosimama ni kugawanyika. CDC9: mama na chipukizi kubwa wameshikana. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachounga vipande vya DNA, na vipande visipoungwa, jeni nyingine ya ulinzi, RAD9, inazuia kromosomu zisigawanywe. Ukiiondoa RAD9, seli hupita na DNA iliyoharibika, na nyingi hufa.

Saa 9. Mwanafunzi anauliza hamira inatuhusu nini. Namjibu kwa jaribio la 1987: wanasayansi Melanie Lee na Paul Nurse walichukua jeni ya binadamu, wakaitia kwenye hamira ya aina nyingine iliyokwama kwa kukosa mwenzake wa CDC28. Ikagawanyika.

Saa 10 jioni. CDC28 inarudi kwenye nyuzi 23. Kabla ya kufunga maabara nachungulia: machipukizi madogo yameanza kutokeza, karibu yote kwa pamoja. Kundi linalokwenda sawa namna hii ndilo ninalolihitaji kesho kupima DNA.