Pushapu 12

Juzi mwanangu kakaa mezani na kazi ya sayansi, ana betri mbili, waya na balbu kadogo kama punje ya hindi, ananiuliza mama, saketi ni nini? Nikamwambia ni njia ya umeme, unatoka hapa unazunguka kote unarudi ulipoanzia. Mdomo unajibu, akili ishafika Kirumba inatema mchanga.

Maana mimi hilo neno sikulitoa kwa fundi umeme, nililitoa kwa kocha wa mazoezi. Mwaka ule presha iliponipanda, shoga yangu alinivuta Jumamosi moja saa 12 asubuhi mpaka kile kiwanja cha karibu na Mwaloni, harufu ya dagaa inakupokea hata hujashuka kwenye boda. Kocha kachora vituo 8 kwa chokaa: kamba, skwoti, pushapu, madumu ya lita 5 yamejazwa mchanga, na kupanda jiwe na kushuka, maana mawe Mwanza hatununui. Vingine nimesahau, mwili haujasahau. Kila kituo sekunde 30, unapumzika 30, unahamia kingine, raundi 3. Kuzunguka huko ndo alikuita saketi, na alipenda kutuambia mazoezi haya yalianzia Chuo Kikuu cha Leeds huko Uingereza mwaka 1953, na kwamba raha yake mnafanya wote kwa pamoja ila kila mtu na idadi yake, hushindani na mtu. Nikapiga hesabu, dakika 24. Nikasema aa, hata maharage hayajachemka.

Raundi ya kwanza nikaipita kwa sifa. Ya pili ndo ikanikuta kituo cha pushapu, pembeni yangu mama mmoja muuza dagaa, mtu mzima, kajifunga kitenge juu ya traki, anashuka taratibu na kupanda taratibu kama anaswali. Mimi nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne nikaenda chini na sikurudi. Shavu kwenye mchanga. Naona kiatu cha kocha, naona sisimizi kabeba kipande cha dagaa kikubwa kuliko yeye, naona kwa mbali ziwa limetulia na mtumbwi mmoja unarudi, nikawaza hawa wamekesha kwenye maji usiku kucha na mimi hapa nakufa kwa sekunde 30. Filimbi ikalia. Kocha na daftari lake, "Dada, ngapi?"

Nikasema 12.

Akaandika. Yule mama hakunitazama, alijifuta tu jasho na ncha ya kitenge, akamwambia kocha, "Mimi 5, mwanangu." Tukahamia kwenye madumu. Aliponipokeza dumu akaninong'oneza, "Hili halidanganyiki."

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine nyingi, presha ikashuka, sijui ni mazoezi, dawa au kupunguza chumvi. Ila ile 12 iliniganda, kila wiki kocha akifungua daftari anasema tuanzie hapo dada, usirudi nyuma. Ilinichukua karibu miezi 4 kuifikia kweli, na siku nimeifikia hakuna aliyeshangaa, mbona iliandikwa zamani.

Balbu ikawaka. Mtoto akafurahi, nikamsimulia kidogo, nikaruka pale kwenye sisimizi.

"Sasa mama, siku ya kwanza ulipiga ngapi?"

Nikamwambia 12.