Limetulia sana

"Darasa lako limetulia sana, mwalimu."

Kauli hiyo ninayo tangu Jumanne. Nalala nayo, naamka nayo, nafua nayo. Leo Jumamosi nimekaa kibarazani kwa Mama Nuru, simu ina chaji nusu, nikasema bora niiandike.

Mkufunzi wa chuo, aliyekuja kunikagua kwenye mazoezi yangu ya kufundisha hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, aliitamka akiwa mlangoni, helmeti kwapani, bodaboda wake akimsubiri chini ya mwarobaini. Nikajibu, "Asante, mkufunzi." Yeye akasema, "Mm." Basi. Akaondoka kwenda kumkagua Rehema, mwanachuo mwenzangu aliye shule ya jirani.

Ile "sana" aliivuta. Ilikuwa "saaana", na alipokuwa akiivuta hakunitazama mimi, aliwatazama watoto. Mtu anayekusifia si hukutazama wewe? Halafu kwenye daftari langu la maandalio kapiga sahihi tu, pale pa maoni pamebaki peupe. Rehema kaandikiwa mistari mitatu, mmoja wa kumkosoa waziwazi kwamba maandishi yake ubaoni yanapanda juu, na usiku huo alilala fofofo. Nilipomsimulia yangu akageukia ukutani. "Si amekusifu? Udhibiti wa darasa ndio huo." Inawezekana. Chuoni tumehimizwa udhibiti wa darasa tangu wiki ya kwanza, na kwa karatasi mimi ninao.

Lakini mimi nilikuwemo mle ndani. Najua ule utulivu ulikuwa na nini.

Lilikuwa somo la Kuhesabu, darasa la pili, kipindi cha pili asubuhi, dakika zile 30. Tulikuwa kwenye kujumlisha namba za tarakimu mbili, pale ambapo mamoja yakizidi tisa, kumi moja linahamia upande wa makumi. Watoto 94, wanne wanne kwenye dawati. Vizibo vya soda nilikuwa navyo, kokwa za mise, yaani za mchikichi, nilizotoka nazo nyumbani nilikuwa nazo, manila ipo ukutani. Wimbo wa utangulizi waliuimba. Makofi ya kilo waliyapiga. Baada ya hapo pakawa kimya, na mimi nikaendelea kufundisha ndani ya kimya hicho huku kalamu ya mkufunzi ikisikika kutoka nyuma.

Kuna mwanafunzi wangu Nahodha, yule wa dirishani anayeitambua kila boti inayoingia Kibirizi kwa mlio wa injini yake. Jumanne hakugeuka dirishani hata mara moja. Macho ubaoni, mikono juu ya dawati. Nikamwita aje aandike jibu la 27 + 15. Akaja, akachukua chaki, akaandika jina lake. Vizuri kabisa, herufi kubwa mwanzoni. Akarudi kukaa.

Na darasa halikucheka.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhuka. Watoto wa miaka saba, minane, mwenzao kaandika jina lake palipotakiwa 42, na hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenyoosha kidole na kuita "mwalimu mimi, mwalimu mimi". Wale hawakuwa wametulia, walikuwa wamelala macho wazi. Wakati huohuo mkufunzi aliinama akaandika kitu kwenye karatasi zake. Sijaacha kujiuliza aliandika nini.

Shangazi wa Dodoma aliniuliza kwenye simu, watoto wadogo hivyo wanakeshwa na nini? Nikamwambia, shangazi, ni giza. Wa huku hamhitaji kuelezwa, lakini acha nieleze kwa ajili yake. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku usio na mwezi. Vipe, boti za kuvulia dagaa, vinatoka jioni na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwanga unavuta vijidudu vya majini, dagaa wanafuata chakula chao, wavu unainuliwa. Mwezi ukijaa mwanga unakuwa umeenea ziwa zima, taa inakosa nguvu, na wavuvi wanapumzika na kutengeneza nyavu. Giza likirudi, boti zinaingia alfajiri na dagaa hawasubiri mtu. Waanikwe mchangani au kwenye vichanja jua likichomoza, wageuzwe, walindwe dhidi ya kunguru. Anayewafukuza kunguru ni mtoto wa darasa la pili. Kaamka saa kumi alfajiri na mama yake, na saa mbili yuko mbele yangu ananukia moshi na dagaa, ametumwa aelewe kwa nini 7 na 5 zinazaa kumi jingine.

Siwalaumu wale akina mama, na sipendi walimu wenzangu wanapowasema pale ofisini. Sare aliyovaa Nahodha imenunuliwa na dagaa haohao, na madaftari, na mchango wa uji. Mama Edina, mwalimu wangu mlezi, anakumbuka ziwa lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ukiondoa likizo ya Juni, anasema, watoto wa kwake walikuja wameshiba usingizi na matumbo matupu, na kufundisha kulikuwa kugumu vilevile.

Mama Edina ndiye aliyenifundisha kusoma kalenda. Pale ofisini inaning'inia kalenda ya msikiti mmoja wa Ujiji, yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Yeye ni Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, lakini haandiki azimio la kazi, ule mpango wa nini kifundishwe lini, bila kuitazama. Nilipofika tu alinisimamisha mbele yake. "Mwanangu, tazama hizi za pembeni. Kuanzia 12 mpaka 17 mwezi umejaa, watoto wanalala kwao. Hapo leta jambo jipya, watalibeba. Zikifika ishirini na kitu, mpaka mwezi uandame na kupata siku zake, usianzishe kitu kizito. Rudia. Imba. Watoe nje." Niliandika yote. Hakuna kitabu cha chuoni kilichonipa jambo la maana kama lile kuhusu usikivu wa mtoto. Vitabu vinasema mtoto hasikilizi kwa sababu zana hazivutii, au sauti ya mwalimu haipandi na kushuka, au dawati la nyuma liko mbali. Hayo nayafanyia kazi. Lakini hapa kwetu nusu ya sababu iko angani, na inabadilika kila siku 29 hivi.

Jumanne tarehe ya pembeni ilikuwa 27. Ratiba ya ukaguzi haikutazama hilo, na azimio la kazi la darasa lilisema makumi, kwa hiyo tulifanya makumi. Haya yote yalikuwa kichwani mwangu pale mlangoni. Nilikuwa na ya kusema kwa saa nzima, na kilichotoka ni "Asante, mkufunzi".

Sasa acha niandike ya Alhamisi, maana wiki hii Zuhura kajifungua mtoto wa kike, wote wazima, na mjomba karudi kutoka Bujumbura baada ya ile miaka yake ya kimya, lakini kilichonirudishia usingizi ni Alhamisi.

Niliwatoa wote nje, chini ya mwembe. Nikachora mstari mrefu kwa chokaa, upande mmoja makumi, upande wa pili mamoja. Sheria ilikuwa moja tu, kumi wakitimia wanashikana mikono na kuvuka mstari kwa kukimbia. Nikaita 27. Makundi mawili yakavuka, saba wakabaki. Nikaongeza 15. Kumi wakavuka, watano wakaungana na wale saba, na hapo ndipo kelele zilipoanza, maana upande wa mamoja walikuwa kumi na wawili na kila mmoja alitaka awe kati ya wanaovuka. Walisukumana, wakahesabiana vichwani, wakahesabiana tena. Kumi wakavuka. Wawili wakabaki wamesimama peke yao kwenye chokaa, na mmoja alikuwa Nahodha, amenuna kwa kuachwa.

Nikauliza, "Wako wangapi?" Wale wa kivulini wakapiga kelele, "Arobaini na mbiliii!"

Nahodha akanitazama. "Mwalimu, na wakija wanane?"

Jamani. Sikumjibu, na wala hakuhitaji jibu langu, maana kabla sijafungua mdomo walikwisha chomoka watoto kutoka kivulini, wakajaa pale, wengine wakarudishwa na Nahodha mwenyewe, "nyie mmezidi, rudini", mpaka wakawa kumi wakashikana mikono. Alivuka wa kwanza akiwavuta wenzake. Hamsini! Upande wa mamoja hakuna mtu. Wakabaki wanapatazama pale patupu, na msichana mmoja akasema kwa sauti ya kushangaa kweli, "Sifuri." Ile sifuri ya 50 nimeihangaikia ubaoni wiki nzima bila kuipata.

Mwalimu wa darasa la tano alichungulia dirishani akauliza kama kuna mkutano. Nikamwomba radhi kwa kelele, na furaha haikunitoka. Usingizi nao haukuisha, nisiwadanganye. Binti mmoja alilala kwenye mizizi ya mwembe kipindi kizima na nilimwacha alale. Wengine walivuka mstari kwa kuvutwa tu. Lakini mwili unaokimbia haulali, na nimewaona wakihesabu bila kuambiwa wahesabu, ndani ya giza, tarehe ya pembeni 29.

Na Alhamisi mkufunzi hakuwepo.

Nimejaribu kuisikia upya ile kauli kwa masikio ya Alhamisi. Kama ilikuwa sifa, basi nikiajiriwa nitasifiwa kila wiki ya giza na kuonywa kila mwezi ukijaa, na hilo linanitisha kuliko alama ndogo. Kama ilikuwa onyo, basi aliona. Aliona jina pale ubaoni, aliona kicheko hakikuja, na "Mm" ile ilikuwa nafasi aliyonipa niseme.

Jana, tukisubiri chai, nikamuuliza Mama Edina mkufunzi ni mtu wa wapi. Akanishangaa. "Yule? Wa Katonga yule. Baba yake alikuwa na kipe."

Niliweka kikombe chini. Mtu wa Katonga. Mtoto wa mwenye kipe. Basi naye kasimama mchangani alfajiri, kafukuza kunguru, kaingia darasani na magamba kwenye vidole. Hakuna namna asiujue ule utulivu. Nikairudia upya, "limetulia sana", na safari hii niliisikia kwa huruma, tena huruma kwa watoto na wala si kwangu, ndiyo maana aliwatazama wao. Nikafurahi mpaka darasa la pili likaniuliza ninacheka nini.

Usiku nikaigeuza tena. Huenda enzi zake mtoto aliyelala macho wazi hakuchapwa, na aliyesinzia kichwa kikaanguka ndiye aliyechapwa. Basi kwake kukaa wima kimya ndiyo kujitahidi, ndiyo adabu, na alikuwa anawasifia wao kwa dhati kwa kustahimili. Hiyo nayo inaingia. Mama Edina haoni kama kuna la kuchimba. "Akirudi muulize," anasema. Atarudi kwa ukaguzi wa pili, na nimekwisha tazama kalenda. Itaangukia 14. Mwezi utakuwa mpevu, watoto watakuwa wamelala kwao, na nitamkaribisha chini ya mwembe, asikie kelele zao. Kisha nitamuuliza, na safari hii sitaridhika na "Mm".

Chaji inaisha na kuna jingine linalonisumbua. Baba alipiga simu jana jioni. Baba mdogo anataka kukata michikichi yote ya babu kule Simbo apande miche ya Tenera, michikichi chotara, kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga. Sipingi Tenera, inatoa mafuta mengi kuliko dura, michikichi yetu ya zamani, kila mtu anajua. Lakini mche mpya unakaa kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na ada yangu ya muhula ujao inatoka kwenye mawese ya miti hiyohiyo. Baba anataka wakate nusu. Baba mdogo anasema nusu haina maana, na mtu wa msumeno wa mashine amekwisha lipwa, anakuja Jumatano. Bibi hajaulizwa na yeyote, na ile ya upande wa juu wa kijito ni yake, alipewa na babu mwenyewe. Jumatano nina vipindi mpaka saa nane, baba yuko Uvinza, na sijui ni nani atakayekuwa Simbo asubuhi hiyo.