Mtumishi wa umma ukibaguliwa kazini, usianzie CMA

Kwenye mikutano ya tawi letu, mtu akieleza kwamba anabaguliwa kazini, jibu analopewa na wenzake ni moja: nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Ushauri huo unawafaa walioajiriwa kwenye kampuni na viwanda. Sisi wa serikalini hapa Tanzania unatuchelewesha, na kuchelewa ndiko kunakotupotezea haki. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2016 yaliongeza kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi amalize kwanza njia zote zilizomo ndani ya sheria hiyo ndipo aende kwenye sheria za kazi. Ukikimbilia CMA utarudishwa, na huku siku zako za kukata rufaa zinakwisha.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya halmashauri, na ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Malalamiko mengi ninayoletewa yanatokana na orodha: nani kapanda daraja, nani kapelekwa masomoni, nani kakaimishwa. Mwenzetu mmoja wa maabara alirudi kutoka likizo ya uzazi akakuta wenzake walioajiriwa pamoja naye, wenye elimu ileile, wamepanda daraja na jina lake halimo. Alipouliza alijibiwa mlangoni pa ofisi, "Wewe hukuwepo, tungekupima kwa kazi gani?" Yaani siku 84 alizopewa na sheria zimegeuzwa kuwa utoro! Niliumia sana kusikia hivyo.

Sasa angalia sheria inasemaje. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ujauzito, jinsia, hali ya ndoa, kabila au mahali alikotoka, dini, maoni ya kisiasa, ulemavu, umri, au kuishi na VVU. Unyanyasaji nao umehesabiwa humo kuwa ubaguzi. Na ukishaonyesha dalili za kutosha, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Kifungu hicho kinawagusa hata askari polisi, magereza na wanajeshi, ingawa sehemu kubwa ya sheria yenyewe haiwahusu.

Yule wa maabara alikuwa ameandika barua ya kurasa tatu, imejaa uchungu. Tulikaa naye tukaiandika upya. Ikabaki na tarehe yake ya kuajiriwa, barua iliyoidhinisha likizo, vyeo vya waliopanda, maneno aliyoambiwa, siku aliyoambiwa na aliyeyasema, pamoja na ombi moja: apewe sababu kwa maandishi. Kwa kawaida barua ya mtumishi hupitia kwa mkuu wa idara. Hii ilimlalamikia mkuu huyohuyo, kwa hiyo tuliielekeza kwa Mkurugenzi wa halmashauri na sababu tukaieleza kwenye aya ya kwanza. Akaenda masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, na nakala mbili. Moja ikaingia kwenye jalada, nyingine ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, akaondoka nayo. Nakala hiyo usiiache kwenye droo ya ofisini. Iweke nyumbani.

Tuling'ang'ania majibu ya maandishi kwa sababu rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi, na maneno ya mlangoni yanakanushika. Ukishapata uamuzi usioridhika nao, una siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo inapokea pia malalamiko ya watumishi. Usiporidhika na Tume, rufaa inakwenda kwa Rais. Walimu mnayo Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, nayo ina ofisi wilayani. Wa Zanzibar mna sheria yenu ya utumishi, ya mwaka 2011.

Kuna mlango mwingine ambao watumishi wengi hawaujui: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Imetajwa kwenye Katiba, inachunguza malalamiko dhidi ya viongozi na taasisi za umma, na hailipishi. Ila shauri likishafika mahakamani haiwezi kuligusa. Naiona inafaa zaidi pale ubaguzi unapomgusa zaidi ya mtu mmoja, kwa mfano idara nzima inapojazwa watu wa upande mmoja.

Na kama bosi amekwambia jina lako litapanda ukimkubalia mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hapo usisubiri masijala. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, bure.

Mwenzetu alijibiwa. Barua ilisema hakuwa na tathmini ya kipindi hicho, na haikugusa neno lolote kuhusu likizo. Rufaa yake imeshapelekwa ndani ya muda. Sisi kama tawi tumeandaa hoja kwa ajili ya kikao kijacho cha baraza la wafanyakazi, ambako wawakilishi wetu hukutana na uongozi: majina ya wanaopendekezwa kupanda daraja yabandikwe ubaoni pamoja na vigezo kabla hayajapelekwa juu, na likizo ya uzazi isihesabiwe kuwa upungufu wa tathmini. Wewe ambaye tawi lako liko kimya, mwulize katibu wako baraza linakaa lini.