Nilivyopima mwendo halisi wa gari langu kabla na baada ya kubadilisha ukubwa wa matairi

Spidomita haipimi mwendo wa gari moja kwa moja. Inachohesabu ni mizunguko, iwe ya shafti inayotoka kwenye gia boksi au ya gurudumu lenyewe, kisha mizunguko hiyo hugeuzwa kuwa kilomita kwa saa kwa kufuata mzingo wa tairi (urefu wa kulizunguka mara moja) ambao kiwanda kilikusudia gari litumie. Ukifunga tairi lenye mzingo mkubwa zaidi, gari husogea mbele zaidi kwa kila mzunguko, lakini mshale huendelea kuhesabu kama zamani. Nilipoamua kubadilisha matairi ya Land Cruiser Prado ya familia, nilitaka kuijua tofauti hiyo kwa kipimo na si kwa kukisia, na ninaandika haya kwa sababu hatua iliyonisaidia kuliko zote ni ile ambayo watu wengi huiruka: kupima gari likiwa bado na matairi yake ya zamani.

Gari lilikuwa na matairi ya 265/65R17. Sisi tunaishi Dodoma, na safari zetu ndefu ni za kwenda nyumbani Njombe kupitia Iringa na Makambako, lami karibu njia nzima, isipokuwa kipande cha mwisho cha udongo ambacho wakati wa mvua huteleza na kuchimbika. Kwa ajili ya kipande hicho nilitaka tairi lenye ubavu mnene zaidi, linalostahimili mawe na makorongo. Muuza matairi alinishauri kwa moyo mmoja: “Mzee, funga 285/70 kabisa, gari lisimame.” Nilimwomba anipe muda nikafanye hesabu kwanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika 265/65R17, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172.25. Kwa kuwa kuna ubavu juu na chini ya rimu, unazidisha mara mbili, kisha unaongeza rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 431.8, na kipenyo chote kinakuwa milimita 776.3. Tairi la 265/70R17 linafika milimita 802.8, yaani limezidi kwa asilimia 3.4. Lile la 285/70R17 nililoshauriwa linafika milimita 830.8, ziada ya asilimia 7. Nitaje pia kwamba gari huinuka kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo, kwa hiyo kutoka 265/65 kwenda 265/70 unapata milimita 13 hivi za nafasi chini ya gari, na mtu anayetarajia gari lipae kwa sababu hiyo peke yake atavunjika moyo.

Wapo wanaodhani kwamba rimu kubwa ndiyo inayoharibu spidomita. Sivyo. Gari linalotumia 195/65R15, lenye kipenyo cha milimita 634.5, likifungwa 205/55R16 litakuwa na kipenyo cha milimita 631.9, na mshale hautaonyesha tofauti yoyote ya kutajika ingawa rimu imekua kwa inchi nzima. Lakini gari hilohilo likibaki na rimu ya 15 na kufungwa 195/50 ili lionekane limeshuka, kipenyo kinakuwa milimita 576 tu, na hapo dereva huona mwendo mkubwa kuliko alio nao kwa karibu asilimia 10, huku kilomita zikijiandika haraka kuliko safari yenyewe. Cha kutazama ni kipenyo cha tairi zima.

Sasa, kujua kwamba tairi jipya limezidi kwa asilimia 3.4 hakukuambii mshale wako unasema kweli kiasi gani, kwa sababu kwa kawaida spidomita hutoka kiwandani ikiwa imezidisha kidogo kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inakataza kabisa spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi, lakini inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari linalokwenda 80 kweli linaweza kuonyesha 92 na bado likawa ndani ya kanuni. Kila aina ya gari ina kiasi chake cha kuzidisha, na huwezi kukijua bila kupima. Ndiyo maana sikukubali matairi ya zamani yafunguliwe mapema.

Nilichagua barabara ya kutoka Dodoma kuelekea Bahi, asubuhi na mapema, mahali palipo tambarare na peupe. Mke wangu aliendesha, nami nikashika simu yenye programu inayosoma mwendo kwa setilaiti. Kipimo cha setilaiti huchelewa kidogo gari linapoongeza au kupunguza mwendo, hivyo tulikubaliana kwamba mshale ukifika kwenye namba tuliyoitaka, aushikilie palepale mpaka simu itulie. Mshale uliposoma 50, simu ilisema 47. Kwenye 80 ilisema 76, na kwenye 100 ilisema 95. Ili nisiiamini simu peke yake, nilitumia pia saa na nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara: mshale ukiwa kwenye 80, kilomita 5 zilichukua dakika 3 na sekunde 57, ambao ni mwendo wa 76 kasoro kidogo. Njia hii haihitaji intaneti wala setilaiti. Unagawanya 3,600 kwa sekunde ulizotumia kwa kilomita moja, basi, na kadiri nguzo zinavyokuwa nyingi ndivyo kosa la kubonyeza saa linavyopungua uzito.

Matokeo hayo ndiyo yaliyonifanya nilikatae tairi la 285/70. Ziada ya asilimia 7 ingenifanya niende karibu 102 wakati mshale unasoma 100, na zaidi ya 50 ndani ya vijiji vyenye kibao cha 50. Tochi ya trafiki hupima gari lenyewe kutoka nje na haijui lolote kuhusu tairi ulilofunga, na mtoto anayevuka barabara kwenda shule hajui pia. Hilo la pili ndilo lililonigusa zaidi. Kwa 265/70, kwa hesabu yangu, mshale wa 100 ungemaanisha 98, yaani bado ningebaki upande wa salama.

Tulifunga matairi 5 mapya, pamoja na la akiba, kwa sababu Prado hii huendesha magurudumu yote manne wakati wote na si vizuri kuchanganya vipenyo. Kisha tulirudi kwenye barabara ileile. Hapo nilikutana na jambo ambalo sikulitarajia: mshale wa 50 sasa ulikuwa 49, wa 80 ulikuwa kati ya 79 na 80, na wa 100 ulikuwa kati ya 99 na 100. Mwendo ulikuwa umepanda kwa asilimia 4.8 hivi na si 3.4. Nikapima upya, nikapata vilevile.

Jibu nililipata kwenye kashata, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, za matairi ya zamani, ambayo nilikuwa sijayatupa. Zilikuwa zimelika kwa takriban milimita 5 kulinganisha na tairi jipya la aina ileile lililokuwa dukani. Milimita 5 juu na 5 chini ni milimita 10 za kipenyo, kwa hiyo matairi niliyoyapima yalikuwa na milimita 766 na si 776 za kwenye hesabu. Gawanya 802.8 kwa 766.3 na utapata ile asilimia 4.8. Kumbe tairi hubadilisha ukubwa wake lenyewe kila siku linapotembea, na mtu anayetoa tairi lililokaribia kuwa kipara na kufunga jipya la ukubwa uleule tayari anaongeza mwendo wake halisi kwa asilimia 1 na zaidi bila mshale kusogea. Upepo uliojazwa ndani ya tairi nao una athari, ila ni ndogo, kwa kuwa mkanda wa nyaya za chuma ulio chini ya kashata hauruhusu mzingo kupungua sana hata tairi likibonyea kidogo.

Kihesabio cha kilomita kilinipa somo la namna yake. Kwa nguzo za kilomita 50, zamani kilisoma 50.7, na kwa matairi mapya kikasoma 48.4. Ile 0.7 ilitokana na kulika kwa matairi, na maana yake ni kwamba kihesabio hakikuwa kimezidishwa kiwandani kama mshale, kilikuwa kikisema kweli kwa tairi la 265/65 likiwa jipya, na sasa kinapunja. Kwa hiyo sibadilishi tena oili kila kilomita 5,000 za dashibodi, bali kila 4,800. Na ninapopiga hesabu ya mafuta, naongeza asilimia 3.4 kwanza: lita 60 zilizonipeleka kilomita 540 za dashibodi kwa kweli zimenipeleka 558, ambazo ni kilomita 9.3 kwa lita na si 9. Nisingejua hivyo, ningeyalaumu matairi kwa kula mafuta kuliko yanavyokula.

Fundi wa umeme wa magari aliniambia kwamba kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa sensa ili kurekebisha hesabu, na kwamba kwenye magari ya zamani yenye kebo hubadilishwa gia ndogo ya plastiki iliyo ndani ya gia boksi. Nimeamua kutofanya hivyo kwa sasa. Mshale unasema kweli karibu kabisa, na kadiri kashata zinavyolika ndivyo utakavyorudi taratibu kwenye kuzidisha. Ila ile akiba ya zamani ya kilomita 4 au 5 haipo tena, na nimemweleza hivyo kila anayeendesha gari hili: kibao kikisema 50, mshale uwe kwenye 48.