Usiku roboti ilipopita Wikamusi

Juzi mtoto wa dada kashika simu yangu, kafungua Wikamusi, ile kamusi ya mtandaoni tunayoiandika wenyewe kwa kujitolea, ananiuliza anko hizi lugha zilizojipanga hapa kaziweka nani. Nikamjibu siku hizi haziwekwi na mtu. Akaendelea na mambo yake, mimi nikabaki na yangu.

Maana zamani hivyo viungo vya kwenda kwenye matoleo ya lugha nyingine tulikuwa tunaweka kwa mkono bwana. Unafungua ukurasa wa "simba", unashuka chini kabisa, mabano mawili ya mraba, fr ya Kifaransa, nukta mbili, simba, unafunga mabano, halafu pl ya Kipolandi, halafu tr ya Kituruki, unaenda hivyohivyo. Na kamusi hii sio kama Wikipedia, kule makala ya simba inaungana na makala ya lion, huku unafuata herufi tu, simba kwa simba, hata kama kwingine lina maana tofauti kabisa. Kimbembe ni kwamba ukiweka kiungo upande wako Wafaransa hawana habari, inabidi uende na kwao ukaweke sw ya Kiswahili, na kwa Wapolandi vilevile, kama mtu anayesambaza kadi za harusi nyumba kwa nyumba. Matoleo makubwa yalikuwa na roboti, yaani programu zinazohariri zenyewe, za kufanya hiyo kazi, sisi wadogo ukizisubiri utasubiri sana. Ila mimi nilikuwa naipenda.

Basi Aprili 2017 wakaweka programu inaitwa Cognate, inazijua yenyewe kurasa zenye jina moja kwenye matoleo yote na inaziunganisha pande zote. Vya mkono vikawa havina kazi tena.

Ninachokumbuka mimi ni usiku mmoja wa masika, Sinza, mvua inapiga bati, umeme hakuna, laptopu inamalizia chaji, nimefungua mabadiliko ya karibuni, ule ukurasa unaoorodhesha kila kinachohaririwa. Roboti imeingia kufuta viungo vya mkono. Kila baada ya muda mfupi mstari mpya, jina la ukurasa, halafu namba nyekundu yenye alama ya kutoa. Nikabonyeza mmoja: kushoto mistari yangu yote, fr, pl, tr, kulia patupu. Nikabonyeza mwingine, hivyohivyo. Mjomba alikuwa kajilaza kwenye kochi, akauliza mbona unaguna, umeibiwa? Nikamwambia hapana mjomba, wananifutia kazi. Akainuka, akavaa miwani, akaangalia weee, akasema, "Sasa mbona hizo lugha bado zipo hapo pembeni?"

Na kweli zilikuwepo. Zote, pamoja na nyingine ambazo sikuwahi kuziweka. Nilitamani angalau moja iwe imepotea.

Roboti ilipomaliza ndio ukaona kurasa zilivyokonda, zile zenye viungo kibao chini zimebaki na maana mstari mmoja. Mjomba akasema si uandike hizo maana sasa. Nikaanza, nikaandika kiasi, ila jamani kuandika maana ya neno unabishana na kichwa chako usiku kucha kwa sentensi moja, viungo ulikuwa unaweka hata umechoka, hata unaangalia mpira.