Ile S ya Mwisho

Juzi binti yangu alinijia na simu mkononi, kidole kimegota kwenye neno la Kiingereza ndani ya kamusi.

"Baba, hiki ki-U kidogo hapa pembeni ni cha nini?"

Nikamwambia ni alama ya nomino isiyohesabika. Ukikuta C, inahesabika. Wakati mwingine neno lilelile lina zote mbili, C kwa maana hii, U kwa maana ile.

"Sasa nikiliweka kwenye wingi bila kujua, itakuwaje?"

Nikamwambia akamalizie kazi yake. Jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa mdogo, ila linatoka kwa shida.

Nikiwa shule nilikuwa na daftari la kunakilia maneno ya Kiingereza kutoka kwenye kamusi. Maneno matano kila siku, kushoto neno, kulia fasili. Sentensi za mfano nilikuwa naziruka. Nilijidai nabana karatasi, lakini ukweli ulikuwa uvivu. Niliamini fasili ndiyo mali, sentensi ni pambo la kujazia ukurasa. Herufi ndogo za pembeni ndiyo kabisa, sikuzitazama mara mbili.

Na kamusi ile, ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza, ilitungwa kwa ajili ya watu kama mimi! A. S. Hornby alikuwa akifundisha Kiingereza Japani. Yeye na wenzake wawili wakatunga kamusi ya kumwonyesha mgeni wa lugha jinsi neno linavyotumika, siyo linamaanisha nini tu. Ilitoka Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na mwaka 1948 Oxford wakaichapisha upya. Mtu anahangaika hivyo katikati ya vita kuniwekea C na U, mimi naziruka.

Basi nikachaguliwa kusoma risala ya wahitimu. Nilihitaji neno la kumshukuru mwalimu mkuu kwa kutusimamia. "Supervision" kila mtu alikuwa nalo, mimi nikitaka ambalo halijavaliwa. Nikapekua hadi nikalipata: "oversight". Jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye maana ya pili, hali ya kuwa msimamizi wa jambo. Nikainakili, nikafunga kamusi. Asubuhi ya mahafali nikaliongezea S, maana mtu ametusimamia miaka yote, haiwezi kuwa moja. Kisha nikaona "many" ni la kitoto, nikaweka "countless".

Nikasimama. Karatasi ilikuwa inatetemeka, sauti haikuwa inatetemeka. Nikafika kwenye ile sentensi, nikainua macho kama nilivyofundishwa, nikamtazama mwalimu mkuu usoni:

"On behalf of my fellow students, I thank you, sir, for your countless oversights."

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amenyanyua glasi ya maji. Glasi ikasimama hewani, haikwenda mdomoni wala haikurudi mezani. Nikadhani ameguswa. Safu ya nyuma mtu mmoja alicheka, akajiziba. Mwalimu mkuu hakubadilika uso. Alikunja miwani yake polepole, mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, akaiweka juu ya ratiba. Nilisubiri makofi. Nakumbuka nilihesabu vifungo vya shati lake, vilikuwa sita kabla ya kupotelea chini ya meza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Thank you. I did try to keep them few."

Hapo ndipo makofi yakaja, na vigelegele, na miguu ikipigwa sakafuni. Nikainama kushukuru.

Nje nilibebwa juujuu. "Umempa! Umempa laivu!" Nikatabasamu tabasamu la mtu anayejua alichofanya. Kumbe wote walikuwa wakifikiria jambo moja. Wiki chache nyuma jina la mwenzetu lilikosekana kwenye orodha ya watahiniwa. Alikimbizana nalo siku tatu, mpaka mwalimu mkuu akakiri mbele ya darasa: "Nilipitiwa." Basi, tena kwa sauti ndogo.

Usiku nikafungua kamusi. Maana ya kwanza, juu kabisa, pale nilipopavuka: kosa la kupitiwa, la kutoona au kusahau jambo. C na U. Maana ya pili, usimamizi: U peke yake. Usimamizi hauna wingi, kupitiwa kunao. S yangu ilikuwa imechagua maana kwa niaba yangu, na nilikuwa nimemshukuru mkubwa wangu, hadharani, kwa kupitiwa kwake kusikohesabika. Chini ya maana zote mbili kulikuwa na sentensi za mfano. Yoyote kati ya hizo ingeniokoa.

Sikurudi kumwomba radhi. Ningesemaje? Kwamba sikukusudia? Basi angejua sijui Kiingereza. Kwamba nilikusudia? Hilo nalo lina adhabu yake. Lile jibu lake nimeligeuza miaka yote hii: alinielewa kwamba ni mtoto amejikwaa, akanisitiri? Au aliamini namsuta, akakubali kosa mara ya pili?

Binti yangu alirudi na daftari. Chini ya kila neno ameandika sentensi yake mwenyewe, na baadhi ni za kuchekesha kwa makosa. Nilishika kalamu nisahihishe, nikaisahihisha moja tu.

Yule mwenzetu wa jina lililokosekana mpaka leo akinitambulisha kwa watu husema, "Huyu ndiye aliyenitetea jukwaani." Huwa nainamisha kichwa. Najua unapita humu, ndugu yangu. Nilikuwa natafuta neno zuri tu.